Nyumba Ndogo ya Familia ya Miaka ya 1950: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanaotaka kujenga nyumba ndogo yenye tabia ya nyumba za kisasa zilizojengwa kati ya 1945 na 1969 hivi, na waliokwisha kununua nyumba halisi ya enzi hiyo na sasa wanatafuta pa kuanzia. Majibu yanahusu nyumba ya kawaida ya familia, siyo jumba la kwenye majarida. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: thamani ya nyumba hizi iko kwenye ramani, mwanga na muundo unaobeba paa. Vitatu hivyo vikikaa sawa, hata samani za kuokoteza zitapendeza. Visipokaa sawa, hakuna kiti wala taa itakayoiokoa nyumba.

Nyumba hizi zinatambulikaje?

Mara nyingi ni ya chini, haina ghorofa. Paa ni bapa au lina mteremko mdogo, na kingo zake zimetokeza mbele ya kuta. Upande wa barabarani umefungwa kiasi, hata mgeni anaweza kudhani nyumba haina madirisha; upande wa nyuma ni kioo kuanzia sakafuni hadi karibu na dari. Ndani, sebule, mahali pa kulia na jiko vinaonana. Mbao inaonekana kuwa mbao, tofali ni tofali, na boriti haijafichwa na dari ya kubandika.

Mzizi wake mmoja uko Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, Ujerumani, iliyofungwa mwaka 1933. Walter Gropius na Marcel Breuer, waliowahi kufundisha pale, walifika Marekani na kuanza kufundisha Harvard mwaka 1937. Mzizi wa pili ni wa Marekani kwenyewe. Mwaka huohuo wa 1937, msanifu Frank Lloyd Wright alikamilisha nyumba ya Herbert na Katherine Jacobs mjini Madison, Wisconsin, kwa dola 5,500. Ilikuwa na sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi, haikuwa na dari ya kuhifadhia vitu, haikuwa na gereji, na umbo lake lilikuwa la herufi L likikumbatia bustani. Badala ya gereji, Wright aliweka paa lililotokeza tu, gari likaegeshwa chini yake. Nyumba hiyo sasa imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu 2019, na bado naiona kuwa somo bora kwa yeyote mwenye bajeti ndogo.

Kwa nini zilikuwa ndogo?

Kwa sababu watu walikuwa wengi, na vifaa na fedha vilikuwa vichache. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari wa Marekani waliorudi vitani mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali, na mamilioni ya familia changa zikaanza kutafuta makazi kwa wakati mmoja. Mwaka 1950, nyumba mpya ya wastani nchini humo ilikuwa chini ya mita za mraba 100. Leo wastani huo umepita mita 200.

Wasanifu hawakuweza kuongeza eneo, kwa hiyo wakaongeza kazi za kila kitu. Ukuta wa kabati ukawa pia ndio unaotenganisha vyumba. Ukingo wa paa ukawa pazia la jua. Sakafu ya zege ikawa msingi, ikawa sakafu, ikawa na mfumo wa kupasha joto. Ukiielewa tabia hii ya kitu kimoja kufanya kazi mbili au tatu, umeelewa nusu ya usanifu wa nyumba hizi.

Je, si zilikuwa nyumba za matajiri wa California?

Picha ndizo zilizojenga dhana hiyo. Nyumba ya Stahl ya Los Angeles, iliyosanifiwa na Pierre Koenig na kukamilika 1960, inaning'inia juu ya taa za jiji na kila mtu ameiona. Nyumba ya Farnsworth ya Mies van der Rohe huko Plano, Illinois, ya mwaka 1951, ni chumba kimoja cha kioo alichojengewa mtu mmoja kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Hizo ni kazi nzuri mno, lakini mwenye watoto watatu na nguo za kufua kila siku hatajifunza mengi kutoka kwake.

Angalia kwingine. Gregory Ain alisanifu mtaa wa Mar Vista, Los Angeles, mwaka 1948: nyumba 52, kila moja ikiwa na mita za mraba 98 hivi. Ramani ya msingi ilikuwa moja, ikageuzwa na kuzungushwa ili mtaa usichoshe macho, na ndani kulikuwa na kuta za kusukuma zilizoruhusu chumba kifunguliwe mchana na kufungwa usiku. Huko Virginia, mtaa wa Hollin Hills wa Charles Goodman, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, uliweka nyumba za aina hii katikati ya miti bila uzio wa kutenganisha majirani. Na Joseph Eichler, mjenzi ambaye hakuwa msanifu, alijenga karibu nyumba 11,000, karibu zote California, kwa michoro ya Anshen & Allen, Jones & Emmons na baadaye Claude Oakland.

Nani aliruhusiwa kuzinunua?

Swali hili haliulizwi mara nyingi inavyostahili. Mitaa mingi mipya ya Marekani baada ya vita ilikuwa ya Wazungu peke yao. Levittown ya New York, iliyoanza 1947, ilikuwa na kipengele cha ubaguzi ndani ya mikataba yake, na sera za mikopo za serikali kuu ziliunga mkono utaratibu huo. Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mikataba ya namna hiyo, lakini ubaguzi wenyewe uliendelea kwa miaka mingi. Eichler aliuza nyumba kwa yeyote aliyeweza kulipa, na mwaka 1958 alijitoa katika chama cha kitaifa cha wajenzi kwa sababu kilikataa kuunga mkono msimamo huo. Anayeusifu usanifu wa enzi ile bila kulitaja hili anasimulia nusu ya habari.

Ramani ya nyumba ya familia ya watu watano ikae vipi?

Chukua mita za mraba 100 kama mfano. Karatasi ya plaiwudi ina urefu wa mita 2.44, na nyumba nyingi za enzi hiyo zilipimwa kwa karatasi hizo ili fundi akate kidogo iwezekanavyo. Panga nafasi tano za mita 2.44 kati ya nguzo na nguzo, upate urefu wa mita 12.2. Upana uwe mita 8.2. Hiyo ndiyo nyumba yako, mstatili mtupu.

Ndani yake: chumba cha wazazi mita za mraba 12, vyumba viwili vya watoto mita 9 kila kimoja, sebule pamoja na mahali pa kulia mita 32, jiko 9, mabafu mawili ya mita 4 kila moja, kufulia na stoo 6, njia za kupita 7. Jumla ni 92. Mita 8 zinazobaki zinaliwa na unene wa kuta. Watu wengi husahau kuta wanapopiga hesabu, kisha hushangaa vyumba vilipopotelea.

Gawa mstatili huo pande mbili, kulala upande mmoja na kukaa upande mwingine. Katikati weka jiko, mabafu na kufulia vikipeana mgongo, ili mabomba yote yakae kwenye ukuta mmoja. Hatua hii peke yake hupunguza gharama za mabomba, na pia huweka ukuta mzito kati ya mtoto aliyelala na wageni wanaoongea.

Vyumba vya watoto vya mita 9 vinaonekana vidogo kwenye karatasi. Vinatosha kama kabati limejengwa ndani ya ukuta na dirisha limewekwa juu kiasi cha kuruhusu kitanda au meza chini yake. Mtoto analala chumbani. Kucheza kuwe sebuleni na nje, mahali mzazi anapomwona. Katika nyumba ya Jacobs, jiko liko kwenye kona ambapo mikono miwili ya L inakutana, karibu na meza ya chakula na karibu na mlango wa kuelekea vyumba vya kulala. Anayepika yuko katikati ya nyumba nzima. Hapo awali nyumba za tabaka la kati zilikuwa na jiko la nyuma, lililofungwa, la mtumishi. Nyumba hizi ziliwaza familia inayojipikia yenyewe.

Ujia wa vyumbani usiachwe mtupu. Mita moja ya upana inatosha kupita. Upande mmoja jenga makabati yenye kina cha sentimita 60 kutoka sakafuni hadi darini. Mwisho wa ujia pawe na dirisha au kioo cha paani. Ujia wenye giza unaifanya nyumba nzima ihisike ndogo.

Muundo wa nguzo na boriti unafanyaje kazi?

Katika nyumba ya kawaida, kuta ndizo zinazobeba paa. Hapa mzigo unashuka kwenye nguzo chache. Boriti zinakaa juu ya nguzo hizo, na juu ya boriti zinalala mbao nene zilizochongwa ulimi na mfereji ili zishikane. Mbao hizohizo ukizitazama kutoka chini ndizo dari. Kwa kuwa ukuta wa nje haubebi paa, unaweza kuuondoa na kuweka kioo, na kwa kuwa kuta za ndani nazo hazibebi, unaweza kuziweka unapotaka.

Katika mfano wetu wa upana wa mita 8.2, safu ya nguzo katikati inaifanya kila boriti ivuke mita 4.1 tu, na hapo mbao ya kawaida inatosha. Ukitaka kuvuka mita zote 8.2 bila nguzo, utahitaji mbao za kugundishwa au chuma, na bei inapanda. Nguzo mbili tatu ndani ya sebule hazina ubaya. Zinaonyesha mahali pa kulia panapoishia na mahali pa kukaa panapoanzia.

Boriti nyingi za nyumba hizi zinapita juu ya kioo na kutokea nje hadi ukingoni mwa paa. Ni jambo zuri kulitazama, maana jicho linafuata mbao hadi bustanini. Sehemu hiyo ya nje ndiyo inayooza kwanza. Ncha ya boriti hunyonya maji kupitia vinyweleo vya mbao, mvua baada ya mvua, rangi ikiwa bado inang'aa kwa nje. Ichome kwa ncha ya bisibisi: ikiingia bila nguvu, ndani imekwisha. Dawa yake ni kuivisha kofia ya bati, au kuikata ili iishie ndani ya ukingo wa paa badala ya kutokeza nje yake.

Basi naweza kubomoa kuta za ndani nipendavyo?

Usikimbilie nyundo. Baadhi ya kuta zimeficha nguzo ndani yake. Nyingine, hasa zile nzima zisizo na dirisha kwenye ncha za nyumba, ndizo zinazoizuia isiyumbe kwa upepo au tetemeko la ardhi. Nyumba yenye upande mzima wa kioo inazihitaji kuta hizo kuliko nyumba ya kawaida. Mwite mhandisi wa majengo kwanza.

Kioo chote hicho hakifanyi nyumba iwe tanuri?

Kinafanya hivyo kama nyumba imekaa vibaya kwenye kiwanja. Hili ndilo jambo linalokosewa zaidi na wanaoiga sura bila kufuata hesabu.

Kioo kikubwa kielekee kusini kama uko mbali kaskazini mwa ikweta, na kielekee kaskazini kama uko mbali kusini mwake. Upande huo jua la kiangazi hupita juu sana mchana, na jua la baridi hupita chini. Ukingo wa paa ukipimwa vizuri utalizuia la kwanza na kulikaribisha la pili, bila mtambo wowote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua latitudo ya nyuzi 40 kaskazini, kama ya Denver au Madrid. Saa sita mchana katikati ya kiangazi jua liko nyuzi 73.5 juu ya upeo. Katikati ya majira ya baridi liko nyuzi 26.5. Kioo chako kina urefu wa mita 2.4 na ukingo wa paa unaanzia juu yake palepale. Ukingo ukitokeza sentimita 70, kivuli cha kiangazi kitashuka karibu mita 2.4, yaani kioo chote. Wakati wa baridi kivuli hichohicho kitashuka sentimita 35 tu, na mita mbili zilizobaki zitapitisha jua hadi ndani sebuleni, likagonga sakafu ya zege, nayo ikahifadhi joto hadi jioni. Msanifu George Fred Keck alikuwa akilifanya hili karibu na Chicago kufikia 1940, hata kabla Marekani haijaingia vitani.

Karibu na ikweta hesabu inabadilika. Jua la mchana liko juu ya paa karibu mwaka mzima, kwa hiyo pande za kaskazini na kusini zote mbili hukingwa kirahisi. Adui ni mashariki na magharibi. Asubuhi na jioni jua liko chini mno kwa ukingo wowote wa paa kulizuia. Pande hizo ziwe na ukuta, kabati, bafu, au matofali yenye matundu, na kioo kikubwa kikae mbali nazo. Huko kuhifadhi joto hakuhitajiki. Upepo ndio unaohitajika, kwa hiyo fungua pande mbili zinazotazamana.

Vioo vya asili vya nyumba za zamani ni vya tabaka moja, ambavyo hupitisha joto takriban mara mbili ya vioo vya tabaka mbili. Kama bajeti haitoshi kubadilisha vyote, anza na vile vilivyo karibu na mahali watu wanapokaa kwa muda mrefu.

Na usalama wa kioo hicho?

Kioo cha zamani kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali. Marekani ilianza kulazimisha kioo salama katika milango ya nyumba mwaka 1977, kwa hiyo mlango halisi wa mwaka 1955 huenda si salama kwa mtoto anayekimbia. Badilisha kwanza vioo vya milangoni na vile vinavyofika sakafuni. Hapa singoji bajeti ya mwakani.

Faragha inapatikanaje?

Kwa kuupa mtaa mgongo. Upande wa barabara weka banda la gari, stoo, mabafu na madirisha membamba ya juu, chini kidogo ya dari, yanayoingiza mwanga bila kumwonyesha mpita njia chochote. Upande wa bustani fungua kabisa. Kiwanja kikiwa kimebanwa na majirani pande zote, ua wa ndani ndio jibu: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 nyumba nyingi za Eichler zilikuwa na ua wazi katikati, na vyumba vikauzunguka vikipata mwanga kutoka kwenye mbingu ya nyumba yenyewe.

Je, paa bapa huvuja?

Paa lililo bapa kweli huvuja. Linalodumu lina mteremko ambao jicho halioni: sentimita 2 kwa kila mita, si chini ya hapo. Kwa upana wetu wa mita 8.2 ni tofauti ya sentimita 16 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Maji yakisimama paani zaidi ya siku mbili baada ya mvua, kuna mahali pameshuka.

Paa la zamani lilikuwa matabaka ya lami yaliyofunikwa kokoto, na mara nyingi halikuwa na chochote cha kuzuia joto, au kidogo sana. Usijaribu kurekebisha hilo kwa kubandika dari mpya ndani. Utazificha boriti na kupoteza kimo, na nyumba itapoteza roho yake. Weka tabaka la kuzuia joto juu ya mbao za paa, kisha utando mpya wa kuzuia maji juu yake. Paa litanenepa sentimita kadhaa ukingoni. Fundi mzuri huuchonga ukingo uonekane mwembamba ukitazama kutoka chini, na kazi hiyo ina thamani ya kila senti.

Paa la kipepeo, lililoinamia katikati, linapendwa sana kwa sababu linainua kioo pande zote mbili. Breuer alilitumia katika nyumba ya maonyesho iliyojengwa kwenye bustani ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1949. Kumbuka tu kwamba maji yote ya paa hilo yanakutana mahali pamoja. Lipe matundu mawili ya kutolea maji, na la pili liwe juu kidogo, ili majani yakiziba la kwanza maji yapate pa kwenda.

Mfumo wa kupasha joto sakafuni bado unafaa?

Kwenye nchi za baridi, ndiyo. Mabomba ya maji moto ndani ya zege hupasha miguu kwanza, hayana kelele, na hayachukui ukuta. Kasoro ni umri. Nyumba za Eichler za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitumia mabomba ya chuma wakati shaba ilipokuwa adimu kwa sababu ya vita vya Korea, na mengi yaliliwa na kutu. Ya shaba yamedumu zaidi. Ukihisi yanavuja, usivunje sakafu kwa kubahatisha. Kamera ya kupima joto huonyesha mahali penyewe, na shimo dogo linatosha.

Nyumba ya wazi hivi, kelele zinakuwaje?

Hapa ndipo penye udhaifu wa kweli, na hakuna sababu ya kuuficha. Mbao za dari zinapita juu ya kuta bila kukatika, na sauti inapita nazo. Televisheni ya sebuleni inasikika kitandani.

Yapo ya kufanya. Weka makabati ya nguo kati ya chumba na chumba, kwa maana nguo hunyonya sauti. Tumia milango iliyojaa mbao ndani badala ya ile yenye uwazi. Pale ukuta wa ndani usipofika darini, ziba sehemu iliyobaki kwa kioo kisichofunguka: mwanga utapita na boriti itaonekana ikiendelea upande wa pili, sauti itabaki. Zulia moja kubwa sebuleni husaidia kuliko mapazia. Familia yenye kijana anayejifunza ngoma, hata hivyo, iwaze chumba kilichojitenga.

Nitumie fedha wapi, nibane wapi?

Tumia kwenye paa, kioo na useremala wa kujengewa. Bana kwenye umbo. Kila kona ya ziada ya ukuta wa nje ni msingi zaidi, ukingo zaidi na mahali pengine pa kuvuja. Madirisha yawe ya vipimo viwili au vitatu tu katika nyumba nzima. Plaiwudi nzuri isiyopakwa rangi haihitaji lipu wala mchoraji. Zege la sakafu likisuguliwa na kupakwa nta halihitaji vigae. Umaridadi wa nyumba hizi ulitokana na hesabu za aina hii, ndiyo maana nakosa amani nikiona mtu anaiga sura ya boriti kwa mbao za mapambo zisizobeba kitu.

Nimenunua nyumba ya zamani. Nianze na nini?

Anza na maji: paa, mifereji, ncha za boriti, na mteremko wa ardhi kuzunguka nyumba. Kisha umeme, maana nyaya za wakati ule hazikupangiwa vifaa tulivyo navyo leo. Kabla ya kung'oa chochote, pima sumu. Vigae vya sakafu vya mraba wa sentimita 23 vya enzi hiyo mara nyingi vina asbesto, na gundi yake pia. Vikiwa vizima na vimeshika, kuvifunika ni salama kuliko kuving'oa. Rangi iliyopakwa Marekani kabla ya 1978 inaweza kuwa na madini ya risasi, hatari hasa kwa watoto wadogo, kwa hiyo usiisugue kavu.

Baada ya hapo, kama unaweza, kaa ndani ya nyumba kwa misimu yote ya mwaka kabla ya kubadilisha ramani. Kuna dirisha utakaloliona halina maana mwezi wa pili, na mwezi wa saba utagundua ndilo linaloingiza upepo wa usiku.

Tukihitaji chumba zaidi?

Usipandishe ghorofa, boriti na nguzo hizo hazikupimwa kwa mzigo huo. Jenga bawa la pili, la chini vilevile, ukiliunganisha na la kwanza kwa ujia mfupi wa kioo. Breuer alisanifu nyumba kadhaa zenye mabawa mawili, moja la kukaa na moja la kulala, mlango ukiwa katikati. Kati ya mabawa hayo utapata ua uliokingwa na upepo, ambao huenda ukapendwa kuliko chumba kipya chenyewe.

Samani na rangi?

Samani ziwe chini na ziwe na miguu, ili sakafu ionekane ikipita chini yake na chumba kionekane kipana. Hazihitaji kuwa za majina makubwa. Rangi: mbao iachwe, ukuta mmoja au mlango wa mbele upewe rangi kali, kwingine iwe nyeupe isiyo kali.

Bustani inahusika na usanifu wa nyumba?

Inahusika tangu mchoro wa kwanza. Mar Vista, Ain alifanya kazi na Garrett Eckbo, msanifu wa bustani, na miti ya barabarani ilichaguliwa pamoja na ramani za nyumba. Katika nyumba ya mita 100, ua wa nje uliopangwa vizuri ndio sebule ya pili.

Uwazi huo unategemea kizingiti cha mlango wa kioo. Sakafu ya ndani na ya nje zikiwa usawa mmoja na za kifaa kimoja, jicho halioni mpaka na mtoto hajikwai. Lakini maji nayo hayatauona mpaka. Chimba mfereji mwembamba wenye wavu mbele ya mlango kwa upana wake wote, uupe njia ya kutolea maji, kisha sakafu ya nje iiname kuelekea bustanini sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Mwambie fundi aimwagie ndoo ya maji ukiwa umesimama hapo, kabla hujamlipa.